Nimeambiwa mbele ya kamati "wewe una kamera, siyo fotografa". Fotografa ni nani hasa?

Kijana wa Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 26, niko Tandika, kazi yangu ni steshenari: fotokopi, laminesheni na picha za pasipoti. Miaka miwili nyuma nilinunua Kariakoo Canon 600D iliyotumika, na ile lenzi yake ya 18-55, nikaanza kupiga bethdei za watoto, ubarikio, sendofu za majirani. Sijasomea popote.

Jumamosi iliyopita shangazi wa bibi harusi aliniita Sinza nipige "picha za ndugu" kwa elfu themanini. Fotografa mkuu alikuwepo, ana wasaidizi wawili na kamera mbili zinaning'inia. Nilijikalia pembeni. Wakati wa keki nikasogea, akanishika bega mbele ya mwenyekiti wa kamati: "Dogo, wewe una kamera, siyo fotografa. Kaa kule." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda kukaa kule.

Kilichoniuma ni nyumbani, nilipofungua picha. Jamaa hakunionea sana. Za ukumbini, mapaji ya uso yanang'aa kama yamepakwa mafuta na nyuma giza totoro. Za mchana nje ya kanisa, gauni limejaa picha nzima, uso wa bibi harusi umezama, macho yamekuwa mashimo.

Kikoba kimevunjwa, nina 2,400,000 mkononi. Ninawaza kamera ya fulufremu (yenye sensa kubwa) iliyotumika, au kozi ya miezi mitatu. Mama anasema ninunue mashine ya pili ya fotokopi niache utoto. Kinachomfanya mtu awe fotografa ni kamera, ni cheti, au ni nini? Nawasilisha.

Chura Kiziwi

Fotografa ni anayelipwa. Ulilipwa elfu themanini, wewe ni fotografa wa elfu themanini. Uzi ufungwe.

Mzee wa Mkanda

Kijana, mimi nimeanza kazi hii wakati mkanda mmoja una picha 36. Ukikosea, umekula hasara, na hujui kama umekosea mpaka mkanda usafishwe.

Mwaka 1989 nilipiga harusi Magomeni. Nimepiga, nimevuta, nimepiga, mpaka namba ikafika 36, halafu ikaendelea: 37, 38, 39. Hapo jasho likanitoka. Mkanda haukushika meno tangu mwanzo. Nilikuwa napiga hewa kuanzia kanisani. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwa baba wa bwana harusi kesho yake, mapema, kabla hajaniuliza. Nikamwambia ukweli. Alinitukana mpaka akachoka. Baada ya wiki moja maharusi walivaa tena nguo zao, wakaja studio, nikawapiga bure, na nauli ya teksi nikatoa mimi. Wajukuu wao nimewapiga pia.

Unauliza cheti? Mohamed Amin, yule aliyepeleka kwa dunia picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianzia hapa hapa Dar. Kampuni yake ya picha, Camerapix, aliifungua katika mji huu mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu. Mwaka 1991 alikatika mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Cheti chake sijawahi kusikia kikitajwa.

Lenzi ya Bibie

Mdogo wangu, mimi ni fotografa wa harusi mwaka wa tisa huu. Fotografa mkuu wa kwanza kukutana naye alinifukuza jukwaani kwa sababu ya jinsia yangu, kwa hiyo karibu chamani.

Niulize kwanza: ulikuwa kwenye Auto, sivyo? Na ile flashi ndogo inayochomoza yenyewe juu ya kamera?

Kijana wa Tandika

Ndiyo dada. Zote Auto.

Lenzi ya Bibie

Basi sikiliza, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui harusi. Chenyewe kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukikijazia gauni jeupe, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na dada yetu mwenye ngozi yake nzuri nyeusi anazama. Ukikijazia suti nyeusi ya bwana harusi, kinaongeza, paji la uso linaungua. Kwa hiyo gauni likitawala unaongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), suti ikitawala unapunguza. Kamera ya milioni kumi nayo itahitaji akili yako hapo.

Macho kuwa mashimo ni jua la saa saba la Dar, liko utosini. Watoe juani, waweke chini ya mwembe au kwenye baraza la kanisa, waangalie kule mwanga unakotokea.

Ukumbini: hiyo flashi ya mbele ndiyo inayowapaka watu mafuta. Tafuta flashi ya kuchomeka juu, iliyotumika, igeuze kichwa ipige dari ili mwanga urudi taratibu. Lakini uangalie dari kwanza! Kumbi zetu wanatundika vitambaa. Kikiwa cha zambarau, mwanga unarudi zambarau na maharusi wanatoka kama wagonjwa. Hapo tafuta ukuta mweupe. Anza na kasi ya shata 1/125, tundu la lenzi f/4, ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), halafu rekebisha.

Pesa yako: flashi, lenzi ya 50mm f/1.8 (haina zumu, inaingiza mwanga mwingi), betri ya pili, memori kadi mbili, diski ya kuhifadhia. Haifiki hata nusu ya 2,400,000. Inayobaki mpe mama mashine yake, kwa sababu Machi hakuna harusi za kutosha, Kwaresima na Ramadhani zinaweza kukukuta bila kodi ya pango.

Pikseli

Dada Bibie, tusidanganyane kuhusu kamera. Hiyo 600D ni ya mwaka 2011. Ipandishe ISO 3200 kwenye ukumbi wa Sinza wenye taa za disko, picha inakuwa na chengachenga kama unga wa sembe. Mteja analinganisha na alichokiona Instagram. Vifaa vina maana yake, wenye vifaa ndio huwa wanasema havina maana.

Lenzi ya Bibie

Kweli chenga zitakuwepo, Pikseli, sikatai. Ndiyo maana ya flashi. Kamera ataibadilisha ikishajilipa.

Bi Shughuli

Mimi sijui mambo ya ISO. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi Ukonga mpaka wananiita MC bila maiki. Nikwambie sisi tunavyoona.

Mwaka juzi tulimlipa mtu mwenye kamera kama bomba la maji, gari lina stika. Harusi ya Julai, albamu tumeipata Machi, baada ya simu mpaka simu yenyewe ikawa inatuonea huruma. Na mama mzazi wa binti hakuwemo! Amepigwa mama mdogo picha arobaini kwa sababu alivaa kitenge cha kung'aa na alikaa mbele. Mama mzazi yule alifariki mwaka jana. Picha yake ya siku ile ni moja, ya pembeni, amepigwa na mpwa wangu kwa simu.

Kwa hiyo mwanangu, ukifika shughulini, kabla ya kuwasha hilo dude, tafuta mtu akuonyeshe nani mama mzazi, nani bibi, nani mshenga, nani kasafiri kutoka Songea. Andika.

Mzee wa Mkanda

Bi Shughuli kasema neno ambalo mimi sikulisema.

Kunduchi Moja

Naongezea dogo, maana harusi za kisasa wanataka picha za ufukweni. Usimwahidi mteja picha ya jua linazama baharini Coco Beach. Pwani yetu inatazama mashariki! Jua linatoka baharini, linazama nyuma ya majengo. Nimeona fotografa "wa kimataifa" akizunguka ufukweni anatafuta jua, maharusi wameloa miguu. Anayetaka jua na bahari aamke saa kumi na moja alfajiri. Na jioni, saa kumi na mbili na nusu jua limeshuka, dakika ishirini baadaye giza. Ondoka kanisani saa kumi na moja, ukutane na foleni, utapiga picha za taa za gari.

Pia ukienda kujizoeza soko la samaki Ferry, alfajiri pana mwanga mtamu sana, lakini omba kwanza. Wale wachuuzi wamechoka kupigwa picha wakiwa wanaparua samaki. Nilinunua pweza, nikasalimia, siku ya tatu ndiyo nikatoa kamera. Tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtu si ya kuchezea kwenye tangazo lako.

Chura Kiziwi

Kumbe uzi ulikuwa haujafungwa.

Kijana wa Tandika

Wakuu, shikamoo wakubwa. Narudi baada ya wiki tatu.

Nimenunua flashi na 50mm, zote za mkono wa pili. Kwenye 600D ile lenzi inabana mno, inaona sehemu ndogo tu, nilikuwa narudi nyuma mpaka nakanyaga sahani za watu. Mama tumeelewana, mashine inakuja mwezi ujao.

Jana nilikuwa kwenye ubarikio Yombo. Nilifika mapema, nikaandika kwenye daftari: bibi mzaa baba, kofia ya kijani, bibi mzaa mama, asiyeona vizuri, msogelee. Dari lilikuwa jeupe, nikashukuru Mungu. Nje niliwapeleka chini ya mti wa mkungu, nikaongeza stopu moja kwenye gauni la mtoto, uso ukaja wenyewe. Nilikaa naiangalia kwenye kioo kama mjinga.

Halafu katikati ya zawadi flashi ikazima. Ile inakula betri ndogo nne, mimi nilibeba betri ya ziada ya kamera, hizo ndogo nikasahau. Na bibi asiyeona ndiyo kwanza anainuliwa kwenda kumtunza mjukuu. Nikakimbia kwa DJ, nikamwomba betri nne za akiba za maiki zake. Alinipa huku ananiangalia vibaya. Nikarudi, nikawahi. Bibi kaishika shingo ya mtoto kwa mikono miwili, anamsoma uso kwa vidole. Nimepiga nne, moja iko sawasawa.

Mama wa mtoto ameshapewa zote kwenye diski. Nimelala saa tisa.

Mzee wa Mkanda

DJ umemrudishia betri zake?

Kijana wa Tandika

Bado, mzee wangu. Naenda sasa hivi.