MRI ya moyo siku ya nne baada ya mshtuko: tuiamini?

Mleta mada: Wakuu naomba tujadili bila matusi. Baba mdogo kapata mshtuko wa moyo, kazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi), siku ya nne kapigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ripoti inasema ukuta wa mbele umekufa zaidi ya nusu ya unene wake. Nyumbani watu wanalia kama tuna msiba. Mimi nauliza, msuli si bado umevimba? Picha hiyo ni ya kutolea hukumu kweli?

Kisiki: MRI ndiyo kipimo cha uhakika kuliko vyote. Wanachoma gadolini, dawa ya kung'arisha picha, wanasubiri kama dakika kumi, palipokufa panang'aa. Tangu 2000 watafiti kina Kim kule Marekani walionyesha kovu likizidi nusu ya unene, sehemu hiyo ni nadra kurudia kazi. Tatizo watu hawasomi.

NesiWaZamu: "Hawasomi" unamwambia nani, mtu ana mgonjwa ndani? Haya tusome wote. Wale wa Kim walipigwa picha wakiwa bado wanasubiri kuzibuliwa, huyu katoka kuzibuliwa juzi. Gadolini haiingii kwenye seli nzima, inakaa nje, ila seli ikifa inapasuka nayo inajaa humo. Sasa siku za mwanzo uvimbe unaongeza nafasi kati ya seli, kwa hiyo weupe unazidi kile kilichokufa, na ukirudia picha miezi kadhaa baadaye unakuta umenywea.

Kisiki: Sijamtukana mtu mimi. Na ripoti ikitaja doa jeusi katikati ya weupe je? Hapo mishipa midogo imeziba, damu haifiki hata mshipa mkubwa ukiwa wazi, na hiyo si dalili njema, msimdanganye kijana.

MamaTumu: Ngojeni kwanza jamani, mtu ana chuma kwenye moyo mnamwingizaje kwenye sumaku?? Siku ya nne! Mimi ningegoma, si walikuwa wanasema wiki sita?

Fundi_Picha: Mama, hiyo ya wiki sita ni ya zamani. Stenti za moyo za sasa zinapimwa hata siku hiyo hiyo, mashine ya tesla 1.5 au 3 (ndiyo nguvu ya sumaku), hazing'oki. Maneno haya ndiyo yanafanya wagonjwa wakatae kipimo na inaniuma sana.

MamaTumu: Usinigombeze mwanangu, nimeuliza. Na hiyo gadolini mbona nasikia inaharibu watu ngozi?

Fundi_Picha: Shikamoo mama, samahani. Ilibainika 2006, ni wale ambao figo zao zimeshindwa, na zaidi ni dawa za aina ya zamani. Ndiyo maana figo zinaulizwa kabla.

Mleta mada: Figo zake nzima, stenti haijaleta shida. Nilichouliza bado kipo palepale.

NesiWaZamu: Kaka, waulize madaktari kama picha itarudiwa na lini, na kwa sasa nguvu ya kusukuma damu ni asilimia ngapi. Hata kile kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa mwilini, kwa walio chini ya asilimia 35, mwongozo unataka zipite angalau siku 40 ndiyo waamue, kwa sababu msuli uliopigwa ganzi na mshtuko unaweza kuamka. Dawa asiache hata moja.

Kisiki: Hilo la siku 40 nakubali. Doa jeusi hamjanijibu.