Komponenti ya mizani haisajiliki kwenye Windows ya biti 64: hitilafu namba 339

Karani wa Kibirizi
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza programu ya zamani ya Visual Basic 6 ambayo, katika ghala la dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, husoma uzito kutoka kwenye mizani na kuchapa stakabadhi ya kila gunia kabla halijapakiwa kwenda Burundi au Kongo. Kompyuta iliyokuwepo imechoka, tumenunua nyingine yenye Windows 10 ya biti 64, na tangu niihamishie programu huko, kila nikiifungua inakataa kwa hitilafu namba 339, ikidai kwamba MSCOMM32.OCX, komponenti (kipande cha programu) inayowasiliana na mlango wa siriali wa mizani, haijasajiliwa ipasavyo au faili lake halipo. Faili lipo: nimelinakili System32 na kuliitia regsvr32, chombo cha Windows cha kusajili komponenti, nikajibiwa kwamba moduli imeshindwa kupakiwa. Je, Windows za sasa zimeacha kabisa kuzipokea komponenti za aina hii? Kwa sasa uzito unaandikwa kwa kalamu, na wenye mizigo hawana subira.

Fundi Mwanga
Ndugu, hazijaacha. Umeliweka faili mahali pasipolifaa. Katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na ya biti 32 hukaa SysWOW64. Mpangilio huo wa kinyumenyume umewasumbua mafundi wengi kuliko inavyostahili. MSCOMM32.OCX ni ya biti 32. Regsvr32 ya kawaida inapoliona faili la namna hiyo humwachia kazi mwenzake wa biti 32, naye kila anapotafuta kitu System32 Windows humpeleka SysWOW64 bila kumwambia, kwa hiyo hulikosa faili ambalo wewe unaliona kwa macho yako. Liondoe huko, liweke SysWOW64, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

`C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\mscomm32.ocx`

Usipuuze hilo la mamlaka. Usajili huandikwa katika rejista ya mashine nzima (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na dirisha lililofunguliwa kwa kubofya tu haliruhusiwi kuandika humo, hata kama akaunti yako ni ya msimamizi.

Bi Msimbo, Ujiji
Naongezea jambo moja kuhusu faili lenyewe. Windows 10 huja na maktaba za msingi za kuendeshea programu za Visual Basic 6, lakini OCX kama hii haimo. Ni wajibu wa mwenye programu kuisambaza. Ichukue kwenye kifurushi cha awali cha usakinishaji au kwenye ile kompyuta ya zamani, wala usiipakue kwenye tovuti zinazogawa mafaili moja moja, kwa kuwa huwezi kujua kilichofungwa ndani yake. Na kama mna kompyuta zaidi ya moja, fikiria kutumia faili la manifesti (maelezo ya komponenti ambazo programu inazihitaji) linalokaa pembeni ya programu: tangu Windows XP, programu inaweza kuelekezwa kwa njia hiyo ikaipata komponenti ndani ya folda yake yenyewe, bila kugusa rejista. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia safi.

Karani wa Kibirizi
Ahsanteni sana. Usajili umekubali na programu inafunguka, ila nikibonyeza kitufe cha kupima inatoa hitilafu 8002, kwamba namba ya mlango si sahihi. Mizani imeunganishwa kwa waya wa kugeuza mlango wa siriali kuwa USB, na Windows imeupa mlango huo namba COM19.

Fundi Mwanga
Hapo usajili hauhusiki tena. MSComm, yaani hiyo komponenti ya MSCOMM32.OCX, inazijua namba za milango 1 hadi 16 tu. Nenda kwenye orodha ya vifaa, fungua sifa za mlango huo, na katika mipangilio ya ziada uchague namba ndogo, tuseme COM3, kisha uibadilishe pia ndani ya programu. Namba ikionyeshwa kuwa inatumika, mara nyingi ni kumbukumbu ya kifaa kilichokwisha kuchomolewa, lakini hakikisha kwanza. Kisha uache waya kwenye tundu lilelile la USB, maana baadhi ya waya hizo zikihamishiwa tundu jingine hupewa namba mpya, na utarudi kwenye 8002 ukidhani komponenti imejifuta.