Ushauri: Kuku wa Kithai wa kukaanga anatoa maji, nifanyeje?

Nuru_Tabata
Habarini za jioni wapendwa. Mwenye ujuzi wa phat kaphrao anisaidie, yaani ule mlo wa Kithai wa kuku aliyekatwakatwa, akakaangwa na pilipili na majani ya kunukia, ukaliwa kwa wali na yai. Natoka kazini jioni, watoto wana njaa, na wengi wanasema unaiva kwa dakika tano. Kwangu kuku anatoa maji na kuchemka, anabaki mweupe. Natumia kidari cha kusaga, kilo nzima, jiko la gesi la pleti mbili. Majani yenyewe hapa Dar nayapata wapi? Na sosi ya samaki ni lazima?

Karai_Moto
Dada Nuru, kilo nzima kwa moto wa gesi ya nyumbani ni nyingi mno. Karai linapoa, maji ya nyama yanatoka kwa wingi kuliko yanavyokauka. Kaanga gramu 300 kwa mkupuo mmoja. Kidari kiache, chukua mapaja ya kuku wa kisasa, toa mfupa, katakata mwenyewe kwa kisu, na ikiwa umeosha, kausha kwa kitambaa safi. Kuku wa kienyeji hapa hafai, ni mgumu.

Vitunguu saumu punje tano na pilipili kichaa vitwange kwenye kinu, visilainike sana maana vitaungua. Karai likishapata moto sawasawa, weka mafuta, tia kitwange hicho. Ukianza kupiga chafya, mwaga kuku, mtandaze, usimguse kwa nusu dakika. Hapo ndipo anaposhika rangi. Kisha geuza bila kupumzika. Mwenye jiko la mkaa lililokolea ana bahati, moto wake ni mtamu kwa kazi hii.

BiMwana_Tanga
Kuhusu majani, mwanangu, wengi watakwambia tia mrehani. Unafaa, ila ladha inabadilika. Kaphrao ni tulasi, ule ule ambao Wahindu wanaupanda majumbani. Ukiwa na jirani Mhindu muombe mbegu au mche, lakini usichume bila ruhusa, kwao ni mmea mtakatifu. Ukiota kwenye ndoo barazani umemaliza shida. Zima moto kwanza, ndipo utie konzi nzima ya majani na kugeuza mara mbili tatu. Yakipikwa sana harufu yote inapotea.

Mkuu_wa_Sufuria
Mimi natumia kivumbasi na napenda.

BiMwana_Tanga
Kivumbasi kikali, baba. Majani machache tu, la sivyo kuku atanuka dawa ya mbu.

Karai_Moto
Sosi ya samaki ni samaki wadogo waliovundikwa kwenye chumvi kwa miezi mingi. Chupani inanuka, karaini harufu inatulia na kubaki utamu. Usipoipata, ongeza sosi ya soya, utakula vizuri ila hautakuwa ule wenyewe. Kwa gramu 300: sosi ya chaza kijiko kimoja cha chakula, ya samaki vijiko viwili vya chai, soya kimoja cha chai, sukari kimoja cha chai. Changanya kwenye kikombe kabla hujawasha jiko, maana ukianza kukaanga huna muda wa kufungua chupa. Chumvi usiongeze.

Nuru_Tabata
Asanteni sana, shikamoo Bi Mwana. Na watoto? Mdogo hawezi pilipili kabisa.

BiMwana_Tanga
Marahaba. Twanga kitunguu saumu peke yake, wao wapakulie hivyo. Ninyi wakubwa katieni pilipili mbichi kwenye kibakuli, mimina sosi ya samaki, kamulia ndimu, kila mtu anajinyunyizia. Wathai wenyewe wanaiweka mezani hivyo hivyo. Na yai likaange kwenye mafuta mengi ya moto, kingo ziwe kahawia na kukauka, kiini kibaki laini. Ukilitoboa juu ya wali, kile kiini ndicho mchuzi.

Mkuu_wa_Sufuria
Wali uive kwanza, dada. Kuku huyu hasubiri wali.