Karakana yenye duka huhesabiwa katika sekta gani?

Muulizaji: Wanajamvi, naomba ufafanuzi. Ninashughulikia dodoso la karakana inayotengeneza samani na milango ya mbao, ambayo papo hapo ina duka la kuuza vitanda na makochi yaliyonunuliwa kwa mafundi wengine. Katika kila 100 ya mauzo, 60 hutoka dukani. Niliandika kuwa shughuli kuu ni rejareja, lakini fomu imerudishwa bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu la 1: Kosa ni kupima kwa mauzo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, ISIC, huangalia thamani inayoongezwa, yaani kinachobaki baada ya kuondoa vilivyonunuliwa na kutumika. Tuseme vitanda na makochi yaliyouzwa kwa 60 yalinunuliwa kwa 45: duka limeongeza 15 tu. Karakana ikiuza kwa 40 na kutumia mbao, gundi na misumari ya 15, imeongeza 25. Mauzo hutumika pale tu takwimu bora zinapokosekana, na kwa mchuuzi hudanganya sana.

Jibu la 2: Naongezea, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukwama. Ile 25 ikigawanyika kuwa samani 13 na milango 12, duka lenye 15 litaonekana kuongoza. Hata hivyo, hesabu huanzia juu kwenda chini: kwanza sehemu, yaani makundi makubwa yenye herufi, ambapo uzalishaji viwandani (C) una 25 dhidi ya 15 za biashara (G), na hapo duka limekwisha kutoka, kisha ndani ya C pekee, samani huishinda milango. Kwa toleo la nne la ISIC, msimbo, yaani namba ya shughuli, ni 3100.

Muulizaji: Nashukuru, sasa nimeelewa. Je, duka likihamishiwa mtaa mwingine?

Jibu la 2: Likiwa na mahali pake na hesabu zake, litakuwa kituo kinachojitegemea kitakwimu na litaingia G, ilhali karakana itabaki C. Kampuni nzima, ikihesabiwa kama kitengo kimoja, bado itapewa msimbo wa shughuli kuu. Kwa hiyo soma kwanza dodoso linauliza habari za kituo au za kampuni. Nashuku fomu nyingi hurudishwa kwa sababu hiyo.

Jibu la 1: Na usibadilishe msimbo kila mwaka duka linapochangamka. Ulaya, katika mfumo wao wa NACE, shughuli ya pili hutakiwa kuipita ile kuu kwa miaka 2 kwanza.