Mjadala: Madhara ya chanjo yatajwe hadharani, au tunyamaze ili wazazi wasiogope?

Hoja yangu ni hii: mzazi aambiwe madhara yote ya chanjo yanayojulikana, makubwa kwa madogo, kabla mtoto hajachomwa. Wanaopinga wanasema ukishamtajia hatari moja nadra, hasikii tena faida yoyote. Anambeba mwanawe na kuondoka. Hofu hiyo naielewa. Lakini ukimya ndio unaolisha uvumi, na watoto ndio wanaoumia.

Chukua mtoto wa wiki 6 aliyechomwa sindano ya kwanza ya pentavalenti, chanjo inayokinga magonjwa matano, pajani. Jioni mwili unachemka, paja limevimba, akiguswa tu analia. Ni kawaida, na aghalabu huisha kwa siku moja au mbili. Lakini kama nesi hakusema kitu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, atakayemweleza mama usiku ule ni jirani, na jirani ana ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaosema chanjo ni sumu. Sentensi mbili zingetosha: homa inaweza kuja leo, ikizidi siku mbili, au akipata degedege, mlete haraka.

Polio ni ngumu zaidi, na hapo ndipo nataka tubishane. Matone ya mdomoni yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa nadra sana, takriban mara 1 katika dozi milioni 2.7, huweza kusababisha kupooza. Tena, pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo vinaweza kuzunguka muda mrefu hadi vikarudisha makali. Ndiyo maana mwaka 2016 aina ya 2 ya virusi vya polio iliondolewa kwenye matone ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, WHO, halifichi jambo hili, ila mlangoni kwa mzazi mara nyingi linalofika ni neno moja tu: "ni salama". Siku mpotoshaji akilipata jambo hilo la kupooza, analitoa kama siri aliyoifichua, na anaaminika kwa sababu kipande hicho ni kweli.

Tusisahau pia kwamba shaka nyingine zina mizizi. Mwaka 2003 majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwemo, yalisimamisha matone ya polio kwa madai kwamba yanafunga uzazi. Madai yalikuwa ya uongo, na virusi vya huko vilisafiri hadi Indonesia mwaka 2005. Lakini ni Kano hiyohiyo ambako mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya dawa ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto, na familia zikalalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, kisha mwaka 2009 ikakubali malipo. Huko Pakistan nako, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kumsaka Osama bin Laden. Wahudumu wa polio wasio na hatia walirithi shaka hiyo.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda imetiwa homoni ya kuharibu mimba. Serikali na WHO walikanusha. Swali lililowakera wengi lilikuwa rahisi: mbona wanawake wa umri wa kuzaa peke yao? Jibu ni kwamba kinga ya mama humfikia mtoto tumboni, naye akizaliwa haangamizwi na pepopunda inayoingilia kitovuni. Hilo lilipaswa kuhubiriwa kabla ya kampeni. Likisemwa baada ya tuhuma, linasikika kama utetezi.

Sisemi kila anayepinga chanjo apewe heshima sawa. Andrew Wakefield alihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji mwaka 1998, kwa watoto 12 tu. Utafiti ulifutwa mwaka 2010 naye akapoteza leseni ya udaktari Uingereza. Mtu wa namna hiyo na mama anayeuliza tusiwatie kapu moja. Mama ajibiwe, hata akiuliza mara ya tano, na hata akiuliza kwa nini chanjo ya polio inamfuata bure hadi nyumbani huku dawa ya malaria anainunua.

Sasa nyie mnaoona tunyamaze, nijibuni: mtoto akipata lile tatizo nadra ambalo hakuna aliyewahi kulitaja, mtawarudia wazazi wa mtaa ule na neno gani?