Gumzo la kikundi: Maombi ya ruzuku ya kurudisha mikoko katika hori la Mwache, mkono wa bahari kwenye pwani ya Kenya

Katibu: Assalaam aleikum, na shikamooni wazee wetu. Fomu ya ruzuku nimeijaza hadi ukurasa wa bajeti, nayo yatakiwa imfikie mfadhili kabla ya Ijumaa jioni. Nimeandika kwamba tutapanda miche 40,000 ya mkoko, kwa kuwa idadi ya miche ameiuliza waziwazi. Naomba maoni kabla sijaituma.

Mzee wa Wavuvi: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Kazi umeifanya, lakini hiyo 40,000 inanikumbusha miche tuliyopandishwa na shirika moja hapo nyuma, tukalipwa kwa kila mche na kupigwa picha tukiwa na tope hadi magotini, na masika ilipopita haukuonekana hata mmoja. Nilirudi pale na pondo langu la kusukumia mtumbwi nikalichomeka topeni, likazama mikono miwili kabla ya kugusa mchanga mgumu.

Mwalimu: Mzee ameligusa lenyewe. Msitu wa Mwache ulikatwa, ni kweli, ila pigo kubwa lilikuja na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizoshusha udongo mwingi kutoka bara hata mizizi ya mkoko, ambayo huvutia hewa juu ya tope, ikazikwa, na miti ikakauka ikiwa wima. Udongo huo bado upo. Vijito vidogo vilivyokuwa vikipitisha maji ndani ya msitu vimezibika, kwa hiyo maji makuu ya bamvua yakiingia hayatoki, jua huyakausha, na chumvi inayobaki huua mche wowote. Tukivizibua, mbegu zinazoelea zitaingia na maji na kujiotea zenyewe. Pendekezo langu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye kuzibua vijito, na nyingine kwenye kingo za mto huko juu, kwa sababu mashamba yakiendelea kulimwa hadi ukingoni tutakuwa tunazoa tope kila mwaka.

Mama Riziki: Samahani Mwalimu, kwa nini tusiuze hewa ukaa, yaani tulipwe kwa ile inayofyonzwa na mikoko, kama wenzetu wa Gazi?

Mwalimu: Dada yangu, Gazi na Makongeni walianza mwaka 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wakiwa na hekta 117 ambazo sehemu kubwa ni msitu wa asili uliosimama. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na hekta 460. Mnunuzi wa hewa ukaa hulipia mti unaokua, na sisi pale chini tuna visiki.

Mweka Hazina: Nakubaliana nanyi, lakini nina neno. Kina mama wa kitalu wanategemea malipo ya miche, na tukiifuta yote kwenye bajeti tutakuwa tumewanyang'anya riziki kwa jina la kuokoa hori. Tubakize miche 6,000 ya kupandwa palipo imara, kisha tuwalipe kina mama hao hao kuhesabu miche iliyo hai kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mitatu. Miradi mingi hulipia siku ya kupanda tu, na hesabu ya miche iliyonusurika haina bajeti.

Mama Riziki: Hapo nimeridhika. Kuhesabu tunaweza, maana vifo vya miche ile ya kwanza sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuviona.

Mwalimu: Katibu, usisahau kuambatisha mkataba wetu na Shirika la Huduma za Misitu. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na kupeleka jembe pale bila mkataba huo ni kosa, hata kama nia ni njema.

Katibu: Nimeelewa. Tatizo ni kwamba fomu ina kisanduku cha idadi ya miche, wala haina kisanduku cha vijito.

Mzee wa Wavuvi: Andika 6,000, na kwenye maelezo utaje mita za vijito tutakavyozibua.

Katibu: Ni mita ngapi, Mzee?

Mzee wa Wavuvi: Hilo haliandikwi mtu akiwa kitini. Kesho ni bamvua na maji yatakupwa kwenye saa nne asubuhi. Njoo na kamba ya kupimia, na viatu uviache nyumbani.