Sungura wa New Zealand: umbo la mwili hutazamwaje kabla ya kuchagua wa kuzalisha?

Mfugaji Mpya (Iowa, Marekani)

Habari zenu, wafugaji wenzangu. Binti yangu mwenye umri wa miaka 12 anafuga sungura weupe wa New Zealand katika klabu ya 4-H, ya watoto na vijana. Katika maonyesho ya kaunti ya mwaka huu dume wetu, ambaye nyumbani sote tulimwona amenawiri, alishika nafasi ya mwisho katika kundi lake. Mwamuzi alimpitishia kiganja mgongoni mara mbili, akasema mabega ni marefu na nyuma amebanwa, kisha akamgeukia sungura mwingine. Mtoto alirudi nyumbani na machozi, nami sikuwa na la kumweleza. Sasa tuna watoto 7 wa dume huyo, wenye wiki 9, na tunataka kubakiza wawili. Naomba kueleweshwa umbo hilo hutazamwaje, na kama kasoro ya baba yaweza kurekebishwa kwa watoto.

Mfugaji wa Ohio

Pole kwa binti, na karibu. Chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, hugawa maumbo ya mwili katika makundi 5, na New Zealand yumo katika kundi la sungura wa nyama, pamoja na Californian na Rex. Kwa hiyo usimlinganishe na picha za Flemish Giant, ambaye mgongo wake huanza kuinuka nyuma ya mabega. Huyo ana kipimo chake.

Sungura aliyejinyoosha huonekana mrefu kuliko alivyo, na aliyejikunyata huonekana mfupi, kwa hiyo hukumu haina maana kabla hajakalishwa vizuri. Mweke juu ya meza yenye kipande cha zulia asiteleze. Miguu ya mbele ilale bapa, vidole vikiwa usawa wa jicho, na vidole vya nyuma viwe usawa wa goti. Mtazame ubavuni: mstari wa mgongo uanze kupanda karibu na shina la masikio, ufike kilele juu ya nyonga, kisha ushuke kwa mviringo hadi mkiani bila kukatika. Mabega yakiwa marefu, mstari huo huchelewa kupanda na kilele husogea nyuma mno. Kisha mtazame kutoka juu: sehemu ya nyuma iwe pana kidogo kuliko mabega.

Baada ya hapo fumba macho, maana manyoya huficha mengi. Pitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani, halafu shika nyonga kwa mikono miwili na ushuke nazo hadi mezani. Vidole vikiingia ndani kadiri unavyoshuka, huko ndiko kubanwa alikokusema mwamuzi. Unene hauponyi kasoro hiyo. Mafuta hulegea chini ya vidole, ilhali nyama nzuri ni ngumu.

Mkulima wa Kiambu

Mimi hufuga kwa ajili ya nyama tu, lakini mkono wangu hutafuta kile kile, kwa sababu kiunoni na mapajani ndiko kilo zilipo. (Jina la sungura huyu hupotosha wengi, alizalishwa huko huko Marekani.) Kuhusu kasoro ya baba, usimtafutie jike mwenye kasoro ya kinyume ukitumaini watoto watatokea katikati, kwani mara nyingi utapata kasoro zote mbili katika mzao mmoja. Mtafutie jike aliye sawasawa pale pale dume anapopungukiwa. Ila nina shaka na kuamua mapema hivyo. Katika wiki 9 ningeondoa wabovu dhahiri tu, na wenye meno yasiyokutana, kisha ningengoja.

Mfugaji wa Ohio

Ninakubaliana nawe nusu. Kati ya wiki 8 na 10 mifupa huonyesha umbo ambalo baadaye hupotea kwa miezi kadhaa, mtoto anaporefuka ovyo, na wengi humtupa sungura mzuri wakati huo. Andika unachokiona sasa kwa kila mmoja, kisha uwapime tena wakifikisha miezi 6. Uzito usikutie haraka: dume mzima anatakiwa awe na ratili 9 hadi 11, na jike 10 hadi 12.

Mfugaji Mpya

Asanteni sana. Jana usiku tuliwakalisha wote 7 juu ya meza ya kupigia pasi, binti akiwa amefumba macho. Watano wamebanwa nyuma kama baba yao. Jike mmoja na dume mmoja wamejaa hadi chini, ingawa dume huyo ndiye mdogo kuliko wote na tulikuwa tumeshamwahidia jirani. Leo asubuhi binti amekwenda kwa jirani kumpelekea mwingine.